Pamba Ndani ya Boksi la Spika

Pikapu ya Milembe ilikuwa na injini nzima, breki nzima, na redio ya aibu. Spika zake mbili za kiwandani, moja kila mlango, zilikuwa zimekauka na kuchanika, na kila mtangazaji aliyesoma habari humo alisikika kama mtu mwenye mafua aliyefungiwa kwenye debe. Milembe hakujali. Gari lilikuwa la kusomba pamba, mpunga, na wagonjwa siku za dharura. Nani asikilize muziki humo? Yeye alijua kuendesha, alijua kubadilisha tairi matopeni bila kumwita mwanaume, na hayo yalimtosha.

Aliyembadilisha mawazo ni baba yake.

Mzee Mayala alikuwa ningi, yaani yule anayetunga nyimbo za ngoma na kuziongoza uwanjani, usinga mkononi, wachezaji nyuma yake wakiitikia. Pale kijijini kwao Ngulyati alisimama mbele ya kundi la Bagalu tangu Milembe hajaota meno, na sauti yake ilivuka mashamba bila kusaidiwa na chombo chochote. Kisha akaugua koo. Akafanyiwa upasuaji, akapona yeye, sauti haikupona. Iliyobaki ilikuwa nzito, ya chini, yenye mikwaruzo.

Na mashindano ya ngoma za Wasukuma hayana huruma hata kidogo. Hakuna jaji wa kukaa mezani na kumwonea mtu haya. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, yanaimba na kucheza kwa pamoja, na watu wanaamua kwa miguu yao. Anayewavuta ndiye mshindi, basi. Mwaka uliopita Mwandu wa Migato, ningi wa Bagika, wapinzani wa jadi wa Bagalu, alikuja na spika za kukodi zilizopangwa juu kama mlango wa kanisa. Mayala alipofungua kinywa, hakusikika hata kwa wachezaji wake wa mstari wa nyuma. Watu wakahama wote. Akamalizia wimbo mbele ya wauza karanga wawili na mbuzi mmoja aliyekuwa akitafuna maganda. Watu walipocheka, alijua wanamcheka yeye, wala hakukosea.

Aliporudi nyumbani akatundika usinga kwenye boriti. Akasema mwakani watafute ningi mwingine, wasipompata kundi life. Hawakumpata. Nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake, na vijana wakaanza kunong'ona kwamba wahamie kwa Mwandu.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo Milembe peke yake alilijua. Wakiwa barabarani kutoka shambani, injini ikinguruma na vioo vikigongagonga, mzee alikuwa akiimba. Aliimba chini chini, uso ameugeuzia dirishani, akiamini kelele za gari zinamficha. Hazikumficha. Ile sauti ya chini, kwa mtu aliyekaa karibu, ilikuwa nzuri kupita ya zamani. Ilimwingia Milembe kifuani ikakaa humo. Ila akizima injini tu pale uani, mzee ananyamaza papo hapo, katikati ya neno, anashuka kama mtu asiyejua hili wala lile. Hilo lilimuuma Milembe kuliko kicheko cha uwanjani.

Asubuhi moja akaendesha hadi mjini Bariadi kwa Josia, mtoto wa shangazi yake, fundi redio mwenye maneno mengi na vidole vyepesi.

"Mwangaluka, dada," Josia akamwamkia. "Leo gari limekufa nini?"

"Mwangaluka. Halijakufa kitu. Nataka limbebee baba sauti."

Akamweleza yote. Josia akalizunguka gari mara moja, akichungulia ndani. Kisha akauliza, "Tuna uwezo gani?"

"Wa mtu aliyetoka kulipia dawa ya kupulizia pamba."

"Basi tutapika kwa kilichopo jikoni." Akafungua mlango wa pikapu, akaupiga ngumi. Mlango ukalia kama sufuria. "Umesikia? Watu wakitaka muziki wanakimbilia kununua redio mpya yenye taa za rangi. Redio yako haina kosa, usiiguse. Kosa ni spika, na kosa jingine ni huu mlango. Ukitia spika nzuri ndani ya debe, unapata debe linalopiga kelele."

Wakaanza kazi. Spika za milangoni Josia alizitoa kwenye basi dogo lililokufa injini na kulala gereji, bado zikiwa na afya. Matundu ya ndani ya milango wakayaziba kwa vipande vya tyubu za baiskeli, wakavigandisha kwa gundi na kuvikandamiza mpaka mlango ukipigwa ulie "du" badala ya "kwaa". Waya za amplifaya ndogo zikapita chini ya kapeti hadi kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, maana Josia alisema muziki hautakuwa na maana gari likiungua. Sauti za chini kabisa, ambazo ndizo za mzee, zilihitaji spika kubwa yenye boksi lake. Hiyo waliipata kwenye sabufa ya baa iliyofungwa. Boksi wakalichonga wenyewe kwa mabaki ya plaiwudi, la kukaa nyuma kwenye bodi.

"Sasa tunajaza pamba ndani," Josia akasema. "Pamba inalidanganya boksi, linajiona kubwa kuliko lilivyo. Sauti inatulia."

Pamba! Hapo Milembe alijiona tajiri. Nyumbani kulikuwa na gunia la masalia ya msimu, pamba mbegu kama ilivyotoka shambani. Wakaendesha hadi Ngulyati, wakaegesha uani, na Milembe akaanza kushindilia kwa mikono miwili.

"Ina mbegu hii," Josia akasema, nusu akiuliza.

"Mbegu zitafanya nini, zitaota?"

"Zikiota tutavuna humo humo."

Wakacheka, wakafunga boksi kwa skrubu. Ndivyo walivyo watu waliokulia kwenye pamba, wanaizoea mpaka hawaioni tena. Josia akaweka wimbo wenye besi, akaongeza sauti.

Spika ikavuta pumzi na kuguna vizuri, na papo hapo kitu kikaanza kuchacharika ndani ya boksi. Chaka, chaka, chaka. Kila besi ilipopiga, mbegu zikarushwa kwenye mbao na kwenye mgongo wa spika. Josia akapunguza, ikachacharika. Akaongeza, ikachacharika zaidi. Akaanza kukagua waya moja baada ya nyingine, jasho likimtoka, akilaumu amplifaya, akilaumu gundi, akimlaumu hata aliyeifunga ile baa. Mashindano yalikuwa Jumapili hiyo, na mfuko wake haukuwa na nafasi ya kununua kitu kingine.

Barazani, Mzee Mayala alikuwa amekaa muda wote akijifanya anatengeneza mpini wa jembe. Alikwishasema hataki habari za mashindano, na kwa siku zote hizo hakuuliza swali hata moja. Lakini hakuna ningi anayeweza kuvumilia mdundo ulioharibika. Akaweka jembe chini.

"Nani amevaa njuga humo ndani?" akauliza kwa ile sauti yake ya mikwaruzo.

"Mjomba, ni amplifaya..."

"Amplifaya gani! Njuga za mguuni zinalia pale pale mguu unapotua. Hizo zinalia nyuma ya mdundo, ni kitu kidogo kinachorushwa. Mmetia nini humo?"

Wakatazamana. Milembe akataka ardhi impasukie. "Pamba, baba."

"Pamba ipi?"

Akamwonyesha gunia. Mzee akatia mkono, akatoa donge, akalichana, mbegu zikamdondokea kiganjani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko ambacho ua ule haukuwa umekisikia tangu mwaka uliopita. "Watoto wa wakulima wa pamba nyinyi! Bibi yenu Nyanjige angewachapa fimbo. Leteni mkeka."

Wakakaa mkekani, wakachambua. Mzee aliwafundisha jinsi mama yake alivyokuwa akitenganisha nyuzi na mbegu kwa vidole, kwa ajili ya tambi za taa. Vidole vilipozoea, vikaanza kwenda kwa mapigo, na mapigo yakamtoa mzee wimbo. Alikuwa akiguna tu, mdomo umefumba. Milembe hakuinua kichwa, aliogopa kumshtua. Akamkonyeza Josia asiharibu kwa maneno, naye akaendelea kuchambua.

Nyuzi zikaingia kwenye boksi, skrubu zikarudi, besi ikapiga. Haikuchacharika. Ilitoka laini na nzito, maji kwenye ndoo yakatetemeka, kuku wakakimbilia mgombani. Josia akarukaruka uani kama aliyeshinda bahati nasibu. Kisha akatoa maiki isiyo na waya, aliyouziwa na kwaya iliyonunua mpya, akachomeka kipokezi chake kwenye redio, na kumpa mjomba wake.

Mzee aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Akatazama pikapu, akamtazama binti yake.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "washa gari."

Milembe akaelewa. Akawasha injini, ikanguruma, na baba yake akageuza uso pembeni, akaimba mstari mmoja. Sauti ile ile ya barabarani, ile ya kujificha, ikatoka milangoni na kwenye bodi, kubwa kama nyumba, na kila mkwaruzo wake ulisikika. Mzee akashtuka, akageuka kutafuta ni nani aliyeimba. Akaingia ndani, akatoka na usinga, akaukung'uta vumbi.

Jumapili uwanja ulijaa mapema. Mwandu alikuwa ameshapanga spika zake za kukodi, jenereta ikinguruma nyuma. Ilipoingia pikapu yenye matope ya Ngulyati, ikageuzwa mgongo kwa watu na milango kufunguliwa kama mbawa za kuku anayeatamia, Bagika wakaangua kicheko.

"Mayala kaleta mpunga!" mmoja akapaza sauti.

Ngoma zikaanza pande zote mbili. Mwandu akalipuka, na umati ukamwendea mbio, vumbi likatimka. Sauti yake ilikuwa kali, ya kuchoma, na walioko mbele walikuwa wameziba masikio kwa vidole huku wakicheka. Upande wa Mayala wakabaki wachache. Wauza karanga walikuwepo tena, na Milembe, akiwa kwenye usukani, alijikuta akitafuta mbuzi. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha sauti.

"Usiguse!" Josia akamwambia kutoka kwenye bodi. "Ukizidisha hapo inapasuka. Hatushindani kelele, dada. Mwache mzee."

Akautoa mkono, akaukalia.

Mzee Mayala akamgeukia binti yake, akanyoosha usinga kuelekea boneti. Milembe akawasha injini. Na mzee akaanza.

Hakupaza. Aliimba chini kabisa, polepole, wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kwa sababu aliutunga barabarani, dirishani, mwaka mzima. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyeachwa uwanjani na mbuzi. Alimsifia mbuzi yule. Alimshukuru kwa kubaki mpaka mwisho wakati jamaa zake wamekimbia, akaahidi kumtafutia mke. Wauza karanga wakaangua kicheko, wachezaji wakaitikia kwa nguvu, na ile besi yenye pamba ikaupeleka wimbo chini chini, ukapita chini ya kelele za Mwandu na kuwafikia watu upande wa pili kupitia nyayo.

Mtu mmoja akageuka. Kisha wanawake wa Migato wenyewe wakageuka, wakitaka kusikia mbuzi kafanyaje. Wakaja hatua mbili tatu, wakasita, wakaja tena. Halafu uwanja mzima ukamwagika. Walikuja wakikimbia, wazee wakishika kofia, akina mama wakipiga vigelegele, wakajaa mpaka Milembe hakuweza kuusogeza mlango. Waliposogea karibu, walisikia sauti ile kama Milembe alivyoisikia miezi yote ikitoka kiti cha pembeni. Naye akalia. Alilia wazi wazi, mikono kwenye usukani, wala hakuona haya.

Ngoma za Bagika zikanyamaza moja moja. Mwishowe Mwandu mwenyewe akapenya katikati ya watu, akamshika Mayala mkono na kuuinua juu.

"Nilijua umekwisha, wewe mzee!"

"Nilikwisha," Mayala akasema, maiki ikiwa bado wazi. "Nimerudi na pikapu."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabara ya Bariadi.

Walirudi nyumbani jua likingali juu, Josia na wachezaji wamejaa kwenye bodi, wakipiga mabati ya gari kwa viganja. Mzee alikaa pembeni ya binti yake, usinga mapajani, akiimba wimbo wa mbuzi kwa mara ya sijui ngapi. Waliokuwa nyuma wakashuka njiani mmoja mmoja, na pikapu ikaingia uani ikiwa na wawili tu.

Milembe akaegesha. Akashika ufunguo, akasita. Alitamani aiache injini ikinguruma usiku kucha, mafuta yaishe yakiisha. Kisha akajikaza, akazima injini.

Ua ukawa kimya. Mzee Mayala, uso akiwa ameuelekeza mbele, akamalizia ubeti, akavuta pumzi, na kuanza mwingine.