Zacharie Anacheza Kimya

Zacharie alikuwa na sauti mbaya, na alikuwa nayo nyingi. Kazi yake ilikuwa kuita abiria kwenye parking ya Butembo: Beni, Lubero, Kayna, Goma. Wenzake walitumia megafoni, yeye alitumia koo. Na koo likishazoea kuita mchana kutwa, halijui kuacha jioni. Nyumbani aliendelea kuita, ila abiria alikuwa mmoja tu, mke wake Kanyere, na gari halikuondoka.

Siku Kanyere alipomwacha, Zacharie hakujua. Alikuwa ameinama uani akitengeneza mlango wa banda la kuku, huku akimweleza mke wake kwa nini barabara za nchi hii haziwezi kutengenezwa. Alieleza vizuri, bila kurudia. Alipogeuka kuomba chai, aliona kwamba alikuwa amewaeleza kuku. Kanyere alikuwa amebeba mfuko wake na kwenda Beni, kwa baba yake.

Kosa lake ni nini, hakuambiwa. Kwetu mke akirudi kwao, mume anamfuata na mbuzi, familia inakaa kikao, kosa linasemwa, watu wanasameheana. Zacharie alikwenda na mbuzi. Kikao kilifunguliwa kwa sala, na baada ya amina Zacharie akashika neno. Hakuliachia mpaka giza lilipokaribia na askari wa amri ya kutotembea usiku wakataka kila mtu awe kwake. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia kosa. Alirudi mara ya pili na mbuzi mwingine, mambo yakawa yale yale, ila safari hii hata sala ya kufunga aliisali yeye mwenyewe. Baba mkwe wake, mzee Kahongya, shemasi wa kanisa na mtu wa maneno machache, alimsindikiza hadi kwenye lango la parcelle, ua wa nyumba yake.

"Mukwe," akamwambia, "huku kwangu unaweza kurudi. Mais ile kinywa, uiache Butembo."

Zacharie alirudi kazini. Aliita magari ya Beni kwa uchungu, na abiria walisema siku hizo alikuwa anaita kama mtu anayetangaza msiba.

Hapo ndipo Hulda alipomfuata parking. Hulda alikuwa mkubwa wa kundi la michezo ya kuigiza, mwanamke mnene, mwepesi wa kukasirika, na kundi lake lilikuwa limeingizwa katika festival ya dunia nzima. Festival yenyewe ilifunga nchi mbilimbili, zile zilizo mbali kabisa, ili watu wajuane. Butembo ilifungwa pamoja na Estonia. Sasa, watu wa Butembo wanazijua nchi kwa mizigo. Dubai ni simu, Uchina ni pikipiki, Uganda ni sabuni. Estonia haikuwahi kuleta hata kontena moja, kwa hiyo wafanyabiashara wengi walisema haipo.

Kanuni ilikuwa kwamba kila kundi licheze mchezo wa wenzake. Waestonia walipewa mchezo wa Butembo, ule wa mama mkwe na mbuzi aliyepotea, ambamo watu wote wanasema kwa wakati mmoja, na walikuwa wameandika wakiuliza mtazamaji amsikilize nani. Butembo ilipewa mchezo wa Estonia: mtu anakaa kwenye kiti saa moja. Hasemi, hatikisiki.

"Njo yote?" Zacharie akauliza.

"Njo yote."

"Iko mugonjwa?"

"Hapana. Anakaa tu."

"Hafanye kazi, hajibu mutu, anakaa tu ku kiti? Donc ni mutu wa ofisi."

"Zacharie, sikia. Bacomédien bangu bote banashindwa. Mumoja alisinzia, mwingine alicheka. Minataka wewe."

Watu wa parking waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mpakiaji mmoja alilazimika kutua gunia la makayabu, samaki wa chumvi, ili acheke vizuri.

"Mama Hulda," Zacharie akasema, "nani anakutuma unichekelee?"

"Sikuchekelee. Mutu mwenye anajua kunyamaza, akinyamaza, ni nini? Ni mutu mwenye anakaa. Mais wewe! Wewe ukinyamaza, Beni muzima itakuja kuona kama ni kweli. Iyo njo théâtre."

Zacharie alisikia neno moja tu.

"Ni ku Beni?"

"Ku Beni. Salle ya kuchezea iko kule."

Alikubali hapo hapo. Kanyere angekuja, angemwona kwa macho yake akinyamaza saa nzima, angejua kwamba mume wake anaweza. Mbuzi wawili walikuwa wameshindwa. Huenda kiti kingeweza.

Barabarani kutoka Butembo alitoa kichwa dirishani kila gari liliposimama, akaita kwa nguvu zake zote: "Kesho sisemi! Mukuje muone! Kesho Zacharie hasemi!" Kufika Beni, sauti ilikuwa imekauka kidogo, na mji wote ulikuwa na habari.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ukutani Hulda alikuwa ametundika shuka nyeupe, na kwenye shuka, kwa kompyuta na internet, walionekana Waestonia. Walikuwa wamekaa kwao, wamevaa majaketi, wanatazama. Kiongozi wao, Madame Liina, alijua Kifaransa. Wao ndio waliokuwa wasimamizi: Zacharie akisema neno moja, Butembo imetoka kwenye festival.

Alikaa kwenye kiti. Hulda akapiga makofi mara moja, saa ikaanza kuhesabiwa.

Mwanzoni watu wa Beni walimjaribu.

"Zacharie! Gari ya Goma iko inaenda!"

"Zacharie, bananiambia batu ba Butembo ni bachoyo, ni kweli?"

"Amekufa uyu. Mumuangalie kama anapumua."

Hakujibu. Jasho lilimtoka. Ulimi ulikuwa kinywani kama mbwa aliyefungwa anayeona watu wakipita njiani. Watu waliacha kumtazama yeye wakawatazama Waestonia, ambao nao hawakutikisika hata kidogo.

"Picha imeganda," mtu akasema.

"Hapana, njo vile biko."

Waligombana juu ya hilo mpaka Mwestonia mmoja alipopiga chafya, na ukumbi mzima ukamwambia Mungu amusaidie.

Zacharie alikuwa amemwona Kanyere. Alikaa kwenye benchi la mbele, kilemba cha kijani, mikono juu ya mapaja, pembeni ya baba yake. Hakucheka na wenzake. Alimtazama tu.

Ndipo mzee Kahongya aliposimama. Mtu hawezi kukaa nyumba moja na mkwe wake bila salamu. Mdogo ndiye anayeanza, na mzee alikuwa amengojea, amengojea tena, na mkwe hakuanza. Basi alipanda jukwaani yeye mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama mbele ya kiti.

"Wasibire, mukwe."

Zacharie akakaza meno.

"Wasibire!" mzee akarudia kwa nguvu, akidhani kelele za parking zimeziba masikio ya kijana. Akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Ukumbi mzima ukaguna. Wanawake wengine walishika vinywa. Zacharie aliona mkono ule, kucha zake, udongo wa shamba ulioingia ndani ya mistari, na akajua kwamba hapo ndipo anapompoteza Kanyere, mbele ya watu, kwa heshima ya nchi isiyoleta hata sabuni.

"Muzee, usikasirike," Hulda akanong'ona kutoka pembeni. "Ni muchezo. Anakatazwa kusema."

"Nani anamukataza?"

"Bale." Hulda akaonyesha shuka.

Mzee aliwageukia Waestonia. Aliwatazama kwa muda, mmoja mmoja.

"Bale njo banamunyamazisha?"

"Ndiyo, muzee. Mpaka saa iishe."

"Anasikia, mais hawezi kujibu?"

"Hawezi."

Mzee Kahongya alirudisha mkono. Alifikiri. Kisha aliinamia shuka kwa heshima, kama anavyowainamia wachungaji wageni, akaita: "Kanyere! Kuja. Bashangazi, mupande. Mulete na mabenchi. Tuko na kikao."

Mabenchi yalipandishwa. Familia ilikaa nusu duara kumzunguka Zacharie. Shangazi mmoja aliomba sala, fupi, maana hakuna aliyejua internet ingedumu hadi lini. Kwenye shuka Madame Liina alisogea mbele, akaanza kuandika.

"Mukwe," mzee akasema, "tunatafuta siku mingi kukuambia kosa yako. Leo uko na nafasi. Kanyere, sema."

Kanyere alisimama. Alisema maneno mawili, akanyamaza kwa mazoea, akimngojea mumewe amkatize. Hakukatizwa. Alimtazama Zacharie kwa mashaka, kama mtu anayepima kama daraja litamhimili, akaendelea.

"Ile magaribi nilikuambia: Zacharie, banapiga simu kutoka Kyavinyonge. Unakumbuka?"

Zacharie alikumbuka. Ilikuwa jioni nzuri.

"Ukasema: Kyavinyonge! Samaki ya Kyavinyonge haiko tena kama zamani. Ukaeleza samaki. Ukaeleza nyavu. Ukaeleza vile balikuuzia samaki ya kuoza. Nikasema: Zacharie, ni mama mudogo. Ukasema: ah, mama mudogo wako njo anajua kupika samaki! Ukaeleza vile anapikaka. Ukasema siku ingine tutaenda, atupikie."

Kanyere akamsogelea hatua moja.

"Alikuwa amekufa, Zacharie. Mama mudogo mwenye alinilea. Nilikuwa na neno moja tu ya kukuambia, na sikupata pa kuiweka. Ukasema mpaka ukalala. Asubui ukaenda parking, uko unasema. Nilikungojea twende wote, kama mwanamuke mwenye iko na bwana. Bakamuzika. Na wewe ukarudi magaribi na makayabu, ukaniambia: ona, nilikumbuka Kyavinyonge."

Jibu lilipanda kooni mwa Zacharie, likafika kwenye meno: Mais hukuniambia! Lilikuwa jibu zuri, la kweli. Halikupata mlango. Alilitazama likiwa pale, na kadiri alivyolitazama, ndivyo lilivyozidi kuwa baya. Likashuka. Likaja lingine, kwamba yeye ni mtu wa kazi, anachoka. Nalo likashuka. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalipita mbele yake kabla ya kutoka, na mengi yalikuwa ya kijinga. Alimkumbuka mama mdogo akimchagulia kipande cha samaki kisicho na miiba. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuweza kuyafuta.

Hulda aliona, akakimbilia kompyuta kuuliza kama machozi ni kutikisika. Waestonia walizungumza wenyewe kwa wenyewe. Hulda akageukia ukumbi.

"Banasema machozi inaruhusiwa," akatangaza. "Kamasi, bado banajadili."

Nyuma ya ukumbi mtu mmoja alisimama na kunyoosha kidole. "Na mimi niko na neno! Nilimwambia naenda Kalunguta, akanisukuma mu gari ya Kayna!"

"Ukae," mzee Kahongya akamwambia. "Famille kwanza."

Yule mtu akakaa, na wengine wakajipanga nyuma yake, kwa utaratibu.

Kanyere hakuwasikia. Alikuwa anasimulia mazishi, kama ndugu walivyomsimulia yeye: mvua ilivyonyesha, nani alichimba, wimbo gani uliimbwa, nani alikosea ubeti. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mambo hayo tangu yatokee. Alisogeza benchi hadi karibu na kiti, akaketi, akaendelea kwa sauti ya chini.

Alikuwa bado katikati Hulda alipopiga makofi. Saa imekwisha. Ukumbi ulilipuka. Kwenye shuka Waestonia walikuwa wamesimama wote, wengine wanalia, na Madame Liina aliuliza yule mzee mwenye koti alisomea wapi kuigiza, wanataka kumwalika kwao.

"Mumuambie ni musimu wa kupalilia maharagi," mzee akasema.

"Zacharie, sema sasa!" watu wakapiga kelele. "Imeisha! Sema!"

Zacharie akafungua mdomo. Watu wa mbele wakajivuta nyuma. Lakini Kanyere alikuwa hajamaliza. Alikuwa amefika pale walipoweka msalaba, na jina lilikuwa limeandikwa vibaya. Zacharie akafunga mdomo, akamnyooshea Hulda kiganja ili aache makofi.

Alisikiliza hadi internet ikakatika na Waestonia wakapotea. Alisikiliza wakitoka nje, akichechemea kwa sababu miguu ilikufa ganzi, na njiani hadi kwenye parcelle ya mzee. Langoni mzee Kahongya alisimama, hakuwapisha.

"Mukwe, salamu yangu iko inangoja."

Zacharie akainama, akaushika ule mkono kwa mikono miwili, akaitikia. Sauti ilitoka ndogo, hata mzee akamwangalia kama ni yeye.

Kanyere alikuwa amemaliza. Alisimama akikunja ncha ya kitambaa chake, anangoja, na shangazi zake nyuma wanangoja.

"Ile musalaba," Zacharie akasema. "Twende tuitengeneze. Jina yake iandikwe muzuri."

"Lini?"

"Kesho."

Kanyere aliingia ndani. Alichukua muda, na Zacharie alisimama langoni bila kusema na mtu. Alipotoka alikuwa na mfuko wake begani.

"Tutapita Butembo kwanza, tuchukue mbao," akasema.

"Eh, mbao!" Zacharie akasema. "Mbao iko, niko najua mutu mumoja wa mbao, mais ule mutu, mama, ngoja nikuambie ile siku aliniuzia..."

"Zacharie."

Akanyamaza. Kanyere akaanza kumweleza ni mbao ya aina gani.