Kidole Gumba cha Kaluki

Daktari alikishika kidole gumba cha Kivuva, akakikunja taratibu mpaka kikalala juu ya mkono kama ndama aliyechoka. Kivuva akatabasamu. Hivyo hasa ndivyo yeye mwenyewe alivyowachagua wacheza mbeni, ngoma ya kuruka na kujipinda, kule kijijini kwao Nuu: ambaye kidole chake hakikulala, alirudi kuchunga mbuzi. Akangoja sifa. Daktari akatikisa kichwa.

Nuu nzima ilijua kwamba siku Mungu alipomfinyanga Kivuva, mifupa ilikuwa imekwisha. Wenzake waliruka, yeye alimwagika hewani. Wapo walioapa kwamba aliwahi kujikunja akaingia mtungini, akala nyama aliyofichwa na mkewe Syombua, akatoka humo akimlaumu paka. Lakini msimu mmoja wa mwaka 1974, bega lilimchomoka akifunga tu zizi. Si ngoma, si mwereka. Zizi.

"Nyuzi zinazoshikilia viungo vyako ni legevu, mzee," daktari alisema. "Ulizaliwa nao ugonjwa huu. Hurithiwa."

"Ugonjwa?" Kivuva aliuliza. "Huu ndio ulionipa jina."

Daktari akataka kujua nani mwingine katika ukoo alikuwa hivyo.

Njia nzima ya kurudi, swali hilo lilimzunguka kama nzi. Mama yake, Kaluki, alikuwa mchezaji asiye na mfano, kisha akaishia kutembea kwa fimbo mbili. Ukoo ukasema amerogwa na mke mwenza. Mke mwenza huyo, Mama Ndila wa watu, akafukuzwa, akafia kwao Mukuyuni akiapa kuwa hajui lolote. Sasa nani alimroga nani? Na kama kipaji na maradhi ni mtoto mmoja, Kivuva amkumbatie kwa mkono upi? Alijaribu kumchukia daktari, akashindwa. Akajaribu kumwamini, akashindwa vilevile.

Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Ilikuwa siku ya kuchagua wachezaji wapya, nao watoto walikuwa wamejipanga, mikono mbele. Wa mwisho alikuwa binti yake, Kaluki, aliyepewa jina la nyanya yake, na ambaye kwa desturi Kivuva alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kulala.

"Huyo wa nini kumpima?" Mulei, mpiga ngoma, alimtania. "Mama yako amerudi, Kivuva. Safari hii na meno yote."

Watu wakacheka. Kivuva pia alicheka, kwa mazoea, huku akiwachagua wengine bila kuwaona, akimpulizia filimbi kila aliyemkubali. Kumkataa binti mbele ya watu kungekuwa kumvunja moyo. Kumkubali, pengine kumvunja viungo. Alipomfikia, alikishika kidole kile, laini na chenye joto. Badala ya kukikandamiza, alikinyoosha polepole, akakifumbata.

"Kinauma, mwaitu?"

Katika mstari ule hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Mulei aliacha mikono yake hewani juu ya ngoma. Kaluki aliwatazama wenzake, akamtazama baba yake, akitafuta jibu ambalo lingemwingiza uwanjani.

"Kwani, baba," alinong'ona, "vya wengine haviumi?"

Filimbi ilikuwa tayari midomoni mwa Kivuva. Uwanja mzima ukangoja aipulize.