Mtindi wa Koko Ngoyai na Nadharia Tatu

Germana alijiandikisha kozi ya maadili ya biashara pale Karatu kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani, basi. Maadili yenyewe aliona anayo ya kumtosha. Alikuwa anauza mtindi, na mtindi wake haukuwa na mpinzani. Ulitoka Endulen kwa Koko Ngoyai, bibi wa Kimaasai aliyechemsha maziwa, akayapoza, kisha akayagandisha ndani ya vibuyu vilivyosuguliwa kwa kaa la mzeituni mwitu. Ukionja, ule moshi unakupanda puani polepole hadi unasahau ulichotaka kulalamikia.

Sasa loji moja kubwa ilikuwa imeonja, ikataka mkataba wa mwaka mzima. Kwa Germana, huo ulikuwa mwisho wa kugombea wateja kule stendi. Kwa Koko, lilikuwa soko la kwanza la uhakika maishani mwake. Raphaeli, mpishi mkuu wa loji, alitaka jambo moja tu: Ijumaa amwone mtengenezaji kwa macho yake, ndipo asaini.

Jumanne Germana akaenda Endulen mwenyewe kupanga safari ya Ijumaa, akafika mapema kuliko alivyotarajiwa. Akamkuta Koko ameinamia vibuyu saba vilivyopangwa mstari. Kwa kila kibuyu alinong'ona sala, halafu fyu! akatema mate kidogo mdomoni mwa kibuyu, akaweka kifuniko.

Germana aliganda mlangoni. Si kwamba alikuwa mgeni wa mambo hayo. Yeye ni Mwiraqw, lakini amefanya biashara na Wamaasai miaka mingi, anajua kwamba wazee wao hubariki kwa mate, awe mtoto, awe ndama, awe msafiri. Lakini mtindi!

"Koko, takwenya," akamwamkia kwa Kimaa.

"Iko," akaitikia. "Umewahi leo, mwanangu."

"Koko, hivi vibuyu umeanza kuvibariki lini?"

Bibi akamshangaa. "Si wewe uliniomba? Siku ya kwanza kabisa ulisema, Koko, ibariki biashara yetu. Tangu siku hiyo sijaruka kibuyu hata kimoja."

Kumbe ni kweli. Germana alilisema hilo kwa mdomo tu, kama watu wanavyosema, akaondoka zake. Koko alilichukulia kuwa kazi.

Garini, wakati wa kurudi, alifungua daftari la kozi kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Nadharia ya matokeo ilimfurahisha sana. Miaka miwili hakuna tumbo lililouma, wateja wana raha, Koko ana raha, Germana ana raha kuliko wote. Basi anyamaze! Akafungua ukurasa wa pili, nadharia ya wajibu: je, ungependa kila muuza mtindi afanye unavyofanya wewe? Akamkumbuka mama mmoja wa stendi anayepiga chafya mchana kutwa juu ya ndoo yake, akaufunga ukurasa ule haraka. Nadharia ya tatu ilimtaka amfikirie mtu mwenye tabia njema, halafu ajiulize angefanyaje. Ikamjia sura ya marehemu baba yake, aliyewahi kumfuata mnunuzi kwa miguu mpaka Mbulu ili amwambie kwamba ng'ombe aliyemuuzia anapiga mateke. Hapo akalirudisha daftari mkobani.

Kumwambia Koko aache? Angesikia kwamba baraka zake ni uchafu. Kumwambia Raphaeli? Kwaheri mkataba.

Alhamisi akampigia simu mwalimu wake, Qamara.

"Mwalimu, kuna mfanyabiashara mmoja, rafiki yangu..."

"Germana, ni wewe."

"Ni rafiki yangu, mwalimu."

"Haya. Mwambie rafiki yako ajiulize kwanza anamwogopa nani."

Ijumaa wakakaa jikoni mwa loji, Koko amevaa shanga zake zote, Raphaeli ana mkataba mezani na kikombe cha pili cha mtindi mkononi. "Hebu muulize bibi," akasema, "siri ya mtindi huu ni nini?"

Germana akatafsiri. Koko akajiweka sawa, akaeleza kwa Kimaa, taratibu, habari ya ng'ombe, ya moto, ya kaa, ya kibuyu, na mwisho ile baraka aliyoombwa na mwanawe huyu. Germana akaanza kuyaleta kwa Kiswahili. Ng'ombe, moto, kaa, kibuyu. Akaishia hapo.

"Basi?" Raphaeli akachukua kalamu.

Koko hakujua Kiswahili, ila urefu wa maneno anajua kuupima. Akamgusa Germana kiwiko. "Baraka hujaisema," alinong'ona, uso umejaa fahari.

Germana akamtazama. Alikuwa anaificha baraka ya bibi huyu mbele ya watu, naye bibi amekaa hapohapo, anamwamini kila neno. Aibu ilimshika kweli.

"Mwisho anavibariki," akasema. "Kwa mate. Kila kibuyu. Mimi ndiye niliyemwomba bila kufikiri. Nimejua Jumanne, na nilikuwa sitaki kukuambia."

Raphaeli akakitazama kikombe chake.

"Kila kibuyu?"

"Hajaruka hata kimoja."

Akaiweka kalamu chini. "Dada, hiki siwezi kumpa mgeni. Lakini umesema kabla sijasaini." Akakuna kichwa. "Mwambie vije bila mate mwezi mzima, na mtu wangu awepo pale anaona. Tukiridhika, nasaini."

Kulitafsiri hilo kulikuwa kugumu kuliko lile la kwanza. Germana alilisema, akaomba radhi mara tatu. Koko akacheka mpaka shanga zikalia.

"Huyu bwana anadhani nilikuwa nawabariki wanywaji? Wageni wake mimi nawajulia wapi? Nilikuwa nakubariki wewe. Wewe uko mbali Karatu, kibuyu kinakuja kwako. Sasa kibuyu nitakiacha. Lete mikono."

Germana akafungua viganja. Fyu! Fyu! Machozi yakamtoka, hata hakuyafuta.

"Amekubali?" Raphaeli akauliza.

"Amekubali."

Raphaeli akanyoosha mkono wapatane, Germana naye akanyoosha wake kwa mazoea, na wote wawili wakakiona kiganja kinavyong'aa. Mpishi mkuu akasita. Akamtazama bibi, bibi akamtazama yeye. Kisha akaushika ule mkono, akaukamata barabara, na mpaka wanaagana alikuwa bado hajajifuta.