Bomba la Jikoni Kwangu

Kifungua mimba wangu alisimama jikoni kwangu, akatazama bomba likidondosha maji, akatikisa kichwa. "Mama, hata bomba linakushinda. Jumamosi nakuja na gari, uhamie kwangu." Ati uhamie! Kama vile mimi ni kabati.

Tangu baba yao afariki, wanangu wanasubiri kitu kiharibike wanihamishe. Wananipenda, sikatai. Lakini nyumba hii tuliijenga chumba kwa chumba, na matofali nilibeba nikiwa na mimba ya huyo huyo anayetaka kunitoa. Niondoke? Ng'o!

Basi Ijumaa asubuhi nikajifunga kibwebwe, nikatoa spana ya marehemu. Nilishamwona akifungua mabomba, mimi nikimmulikia tochi na kuambulia lawama: "Mulika huku, mke wangu, si huko!" Nikafunga koki ya nje, ile ya kwenye mita, nikarudi kwa madaha, nikafungua kichwa cha bomba.

Mama yangu! Maji yakanirukia usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba tuna tangi juu ya paa, na tangi halina habari na koki ya kwenye mita. Nikaziba kwa kiganja, yakapita kati ya vidole. Nikaziba kwa kitambaa, kikaruka. "Jirani! Jirani weee!"

Akaja mbio jirani yangu mshona nguo, tuliyembandika jina la Njoo Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila mteja. "Shoga, siku hizi unaoga na nguo?"

"Koki ya tangi! Nyuma ya nyumba! Utacheka baadaye!"

Akacheka kwanza, ndipo akaenda kuifunga.

Maji yalipokatika nikakaa sakafuni, nimelowa chepechepe, nikalia. Nililia kwa hasira, maana niliona kabisa Jumamosi napakiwa garini pamoja na sufuria zangu.

"Nikuitie fundi?" akauliza Njoo Kesho.

"Thubutu! Akija fundi, mwanangu atasema si nilimwambia."

Nikakiokota kile kichwa cha bomba, nikakigeuza. Chini yake kuna kimpira cha duara, ndicho kinachozuia maji. Kilikuwa kimesagika na kuchanika upande mmoja. Nikaelewa papo hapo. Ukoo wetu mzima una ugonjwa mmoja: bomba likivuja, tunalikaza. Kila anayepita anakaza. Baba yao alikaza, watoto wakakaza, na bingwa wa kukaza ni kifungua mimba mwenyewe, na mikono yake ile ya kubeba magunia. Tulikuwa tunakisaga kimpira wenyewe, halafu tunalilaumu bomba.

Nikaenda duka la vifaa na kile kimpira mkononi, nikapata kinacholingana nacho. Nikakipachika, nikafunga kichwa kwa spana, Njoo Kesho akafungua maji. Tukainama wawili juu ya sinki, tumebana pumzi. Kimya. Hata tone! Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni, mtu mzima na akili zangu. Kisha nikawa nalifungua na kulifunga kwa kidole kimoja, kwa raha zangu tu. Kichwa changu kilivimba, nakiri, na nilikiacha kivimbe.

Jumamosi mwanangu akaja na gari, na kamba za kufungia mizigo begani. Akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akashika bomba alikaze. Nikamchapa mkono.

"Toa! Hilo halikazwi. Linafungwa kwa kidole."

Akalifungua, akalifunga kwa kidole, akatega sikio. "Amekuja fundi gani?"

"Unamtazama."

"Mimi shahidi!" akadakia Njoo Kesho dirishani. "Alilowa mpaka utosi, lakini ni yeye!"

Mwanangu akavuta kiti, akakaa, akaanza kukagua jikoni kwa macho, dari hadi sakafu. Nilijua anatafuta sababu nyingine ya kunihamisha. Mwishowe akajikuna kisogo.

"Mama, la bafuni kwetu nalo linavuja. Mimi na mkweo tumelikaza mpaka basi."

Sikungoja aombe. Nikachukua spana. "Twende. Lakini jioni unanirudisha nyumbani kwangu."

Akashusha kamba begani, akaziweka chini. "Sawa, fundi," akasema, akatangulia kunifungulia mlango wa gari.