Mchicha wa Nyevu

Ngowa alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba akifunga kamba kwenye kigingi. Dada yake Nyamvula alisimama mlangoni na ungo wa kunde, akamwambia kwamba uwanja wenyewe haukuwa mkubwa kiasi cha kutaka kamba. Ngowa alijibu kwamba tuta lisilopimwa hulala upande, na likilala upande maji hukimbia. Wakati wa vita alitunza bustani za maofisa, na hakujua namna nyingine ya kulima.

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Maofisa walirudi kwao, magugu yakafunika waridi zao, na Ngowa akaja Changamwe kwa dada yake mjane, akiwa na reki, jembe na gunia la chupa tupu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na la kwake. Alipewa pembe ya jikoni ya kulala, na kwa shukrani akasema ataugeuza uwanja wa nyuma uwe bustani.

Ulikuwa uwanja wa udongo mgumu kama kigae, umejaa majivu, vifuu vya nazi na vigae vya vyungu. Ngowa aliuchimbua wote. Aliokota mawe, akachanganya samadi kutoka zizi la jirani yao Fondo, akainua matuta yaliyonyooka, na kando ya kila tuta akazika chupa za maofisa vichwa chini, matako juu, zikawa ukingo wa kijani unaong'aa asubuhi. Alitoboa debe kuukuu kwa msumari, likawa la kumwagilia. Masika yalipoanza, palikuwa na kunde, bamia, mahindi mistari miwili, na tuta zima la mchicha.

Hapakuwa na mti. Nyumba ilikuwa yao, nguzo zake na makuti yake yalikuwa yao, lakini ardhi ilikuwa ya bwana mmoja wa kisiwani ambaye hawakupata kumwona. Waliyemwona ni Matano, msimamizi wake, aliyepita kila mara kuangalia kilichoota. Kilichopandwa na kuliwa katika msimu wake hakikuwa na neno. Mti ulikatazwa, kwa sababu kwa kawaida ya pwani mti ni wa aliyeupanda hata ukisimama katika ardhi ya mwingine, na mwenye mti ana mguu mahali hapo. Mwenye ardhi hataki mguu wa mtu.

Walikokaa zamani Nyamvula na mumewe, upande wa Port Reitz, walikuwa na minazi. Kila mtoto alipozaliwa na kitovu chake kikadondoka, kitovu kilizikwa na mche wa mnazi ukapandwa juu yake, na mnazi huo ukawa wake mpaka kufa. Vita vilipokuja, ndege zikahitaji mahali pa kutua, wakaambiwa wahame, na minazi ikakatwa. Wa marehemu mume wa Nyamvula uling'olewa na mizizi yake, na mwenyewe hakuumaliza mwezi. Wa mwanawe Jefwa ulikatwa katikati. Tangu siku hiyo Jefwa alitembea ameinama kiunoni, na hivyo hivyo alikwenda kubeba magunia bandarini. Wasemao husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jefwa alikuwa ameinama tayari, na mvunguni hamkuwa na kitu.

Mkewe Jefwa, Selpher, alijifungua katikati ya masika. Alikuwa mtoto wa kike, wakamwita Nyevu. Kitovu kilipodondoka, Nyamvula alikifunga kwenye pembe ya leso yake, akazunguka nacho jikoni na uani siku nzima, asijue akitue wapi. Kukipeleka Rabai, alikozaliwa yeye na Ngowa, hakuwezekani. Kitovu cha mtoto hakizikwi kwa wajomba wa baba yake. Kukikalia hakuwezekani pia, maana mtoto asiyezikiwa kitovu hana pa kurudi.

Ngowa ndiye aliyesema kizikwe kwenye bustani. Walifikiri juu ya mhogo, wakaukataa, kwa kuwa mhogo hung'olewa mzima. Mahindi hukauka yakavunjwa. Mchicha huchumwa ukabaki umesimama, na ukichumwa huchipua zaidi. Wote waliona hilo ni jambo la busara. Ngowa alichagua mche mmoja wenye shina jekundu mwishoni mwa tuta, Nyamvula akazika kitovu chini yake, na Matano alipopita jioni ile aliona mchicha tu, akasifu chupa.

Mche ule ulikua, na Nyevu alikua nao. Mchicha ulipofika kwenye goti, Nyevu alikuwa akitembea. Ulipofika kiunoni, alikuwa na meno yote na alikwenda kisimani na kata. Selpher alichoka kushona. Gauni alilolimaliza asubuhi lilimbana mtoto jioni, mwishowe akamfunga leso ya bibi yake na kuiweka sindano. Jefwa alirudi bandarini akamkuta binti yake anapeta mchele. Alisema anashukuru, amepata wa kumsaidia mama yake, akaketi kutafuta mkao wa kupumzisha mgongo. Fondo alipomwona mtoto aliuliza ni wa masika ya lini, akaambiwa ya mwaka huu, akasema masika ya mwaka huu yalikuwa mazuri.

Mwishoni mwa mvua mahindi yakaanza kukauka. Mchicha ukatoa suke juu, jekundu, na asubuhi hiyo Selpher alipokuwa akimsuka Nyevu alikuta mvi. Hakuzihesabu. Alimaliza kusuka, akamwita mama mkwe wake, na Nyamvula akaja akatazama kichwa cha mjukuu, kisha akatazama nyuma ya nyumba.

"Huyu mtoto anafuata mchicha," alisema Ngowa.

"Naona," alisema Nyamvula.

Kila mkulima ajua mwisho wa mchicha. Ukishatoa suke hutoa mbegu, ukishatoa mbegu hukauka, na mvua zinazofuata huukuta kijiti. Ngowa alikonyoa suke kwa kucha, akalikanyaga. Alikonyoa na vichomozo vyote vilivyokuwa vinafuata kwenye makwapa ya majani. Jioni mvi zilikuwa zimeacha kuongezeka, lakini zilizotoka hazikurudi, na Nyevu akabaki mtoto wa kama miaka saba mwenye kichwa cha kijivu. Watoto wa Fondo walianza kumwamkia shikamoo. Naye aliitikia marahaba, kwa kuwa alifundishwa adabu.

Tangu hapo kazi ya bustani ikawa hiyo. Mchicha unaozuiwa kutoa suke hautaki kushindwa. Ukikonyoa juu hutokea ubavuni, ukikonyoa ubavuni hutokea chini karibu na udongo, mdogo kama kichwa cha kiberiti. Alfajiri alikonyoa Ngowa, mchana Nyamvula, jioni Selpher. Hawakwenda arusi wala matanga wote pamoja. Nyamvula hakwenda hata kwao Rabai alipofiwa na shangazi aliyemlea, na jambo hilo lilimuuma sana, akalia akiwa ameinama juu ya tuta, vidole vikiendelea.

Dawa waliijua, na haikuwa ngumu. Mnazi mmoja, upandwe pale pale karibu na mchicha, mizizi yake ikipokee kitovu. Mnazi huishi kuliko mtu. Mtoto angekua kwa mwendo wa mnazi, polepole, akaolewa, akazeeka kwa wakati wake, na wao wangelala. Nyamvula alimngoja Matano, akamkaribisha kiti, akampa maji, akamweleza yote tangu mwanzo bila kuficha.

Matano alikuwa mtu mpole. Naye alikuwa na mnazi wake kwao Likoni, na alijua maana yake. Aliomba kumwona mtoto. Nyevu alikuja akainama, akasema shikamoo, na Matano, kwa sababu ya mvi, nusura aamkie yeye. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuutazama mchicha, akaona suke dogo chini ya jani, akalikonyoa kwa mkono wake mwenyewe na kulitia mfukoni.

"Mama Jefwa," alisema, "mtoto nimemwona, wala sibishi. Lakini mnazi siwezi. Mnazi mmoja ni mguu mmoja. Huyu akiweka wake, kesho kila mwenye mtoto atataka wake, na bwana ataniuliza mimi nilikuwa wapi."

"Mwambie bwana aje amwone."

"Nitamwambia, inshallah."

Alimwambia, au hakumwambia, hakuna aliyejua. Bwana hakuja. Usiku mmoja Ngowa alichukua nazi iliyochipua akaipanda mwenyewe, akaifunika kwa majani ya kunde. Matano aliikuta, akaing'oa taratibu bila kuvunja chipukizi, akaiweka mlangoni na kumwomba Nyamvula ahakikishe haionekani tena, maana akiiona mara ya pili itambidi aseme, na akisema wote watahama. Na wakihama mchicha hauhamishwi. Mche uliokomaa ukiung'oa hufa siku hiyo hiyo. Nazi ile waliipika kwenye kunde, kwa kuwa haikuwa busara kuitupa.

Misimu ikapita. Mchicha ukawa na shina nene kama mkono, na Matano, kila alipopita, aliuandika moyoni mwake kuwa mboga. Bustani ya Ngowa ikajulikana mpaka Miritini. Watu walikuja kutazama matuta yaliyonyooka na chupa za kijani, wakaondoka na mbegu za bamia. Ngowa mwenyewe alikuwa amechoka. Kucha zake za gumba zilikuwa nyeusi, na wakati mwingine usingizini vidole vyake vilikonyoa blanketi. Siku moja ya joto Nyamvula alisinzia juu ya tuta, suke moja likawahi kufunguka ubavuni, na Nyevu alipoteza jino ambalo halikuwa la utoto. Nyamvula alimwomba mjukuu wake msamaha.

"Si neno, hawe," alisema Nyevu, kama Wamijikenda wanavyomwita bibi. "Nifundisheni na mimi."

Wakamfundisha. Vidole vyake vilikuwa vidogo, viliingia pasipoingia vya wakubwa. Akawa anaamka kabla ya wote, anajikonyoa mwenyewe, halafu anakoka moto wa chai. Watoto waliozaliwa masika yale pamoja naye walikuwa sasa wanajua kukimbia. Wangemfikia kimo, kisha wangempita, naye alijua, na alicheza nao.

Masika mengine yalipokuwa yakianza, Mastura, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka pale, alipiga hodi. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliamkiana na Nyamvula, wakaulizana habari za nyumbani, akakataa kiti. Alisema amekuja kuomba mche mmoja wa mchicha, wenye shina jekundu.

Nyamvula aliona pembe ya leso ya Mastura imefungwa fundo. Alimweleza yote: suke, mvi, jino, zamu za alfajiri na mchana na jioni, shangazi ambaye hakumzika. Alieleza polepole, asije akasahau kitu.

"Nayajua, mama," alisema Mastura. "Sote twayajua. Lakini wallahi mtoto hawezi kukaa hivi hivi, hana hata pahala. Vidole ninavyo."

Uani, Nyevu alikuwa amechutama kwenye tuta akifunua jani moja moja. Ngowa aliinuka kutoka jikoni akishika kiuno, akachukua kamba na vigingi, na kumuuliza Mastura uwanja wake una urefu gani.