Oili Chafu kwenye Kaunta ya Rebeka

Mungu wangu! Rebeka alisimama mlangoni mwa jiko lake, Biblia ingali kwapani. Kaunta yake ya mbao za mninga, ambayo asubuhi alipokwenda kanisani aliiacha nyekundu na uzuri wake wote, sasa ilikuwa nyeusi tii. Na harufu je! Jiko zima lilinuka gereji.

Mwezi mzima alikuwa akihangaikia mafuta ya kupaka kaunta ile. Fundi Yeremia, aliyeitengeneza hapo hapo Igoma, alimweleza akamaliza: vanishi itabanduka visu vikianza kazi, alizeti yatachacha na kunuka, bora mafuta ya kitani matupu, hayo yanazama, yanakauka, na chakula kinawekwa juu yake bila wasiwasi. Rebeka akayatafuta mjini mpaka miguu ikavimba, akapata chupa moja. Chupa yenyewe ilikuwa bado kabatini, haijafunguliwa. Kumbe mtu kamtangulia!

"Umerudi, mama," alisema baba mkwe wake, Mzee Kashindye, aliyekuja juzi kutoka Magu kuwasalimu. Alikaa kwenye kigoda, kitambaa mkononi, galoni miguuni. "Nimekupunguzia kazi. Nimeomba oili chafu pale gereji, nimepaka mara tatu. Mchwa hatathubutu hata kunusa."

Oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za malori! Kwa nguzo za zizi, sawa, nani hajui. Lakini kaunta ya kusukumia chapati, jamani?

Rebeka alipiga magoti. "Asante, baba."

Ndivyo alivyosema, na huku moyo unawaka. Miaka kumi na miwili ya ndoa hajawahi kumkatalia mzee huyu jambo. Katika ukoo wao mkamwana hambishii baba mkwe, wala hamgusi, hata mkono hampi. Mumewe Shigela alikuwa kazini hadi jioni, na hata angekuwepo, yeye naye kwa babaye ni ndiyo baba, ndiyo baba. Basi Rebeka akaamua kunyamaza. Mzee ataondoka Jumatano, Yeremia atakuja kupiga randa, na mpaka hapo atapikia sakafuni. Heshima yake kwa mkwewe ibaki palepale.

Akamletea viazi vitamu vya moto. Mzee akakataa sahani.

"Ngoja nikuzindulie kaunta yako," akasema kwa furaha. Akaweka kiazi juu yake, akakikata palepale. Kikatoka na doa jeusi linalong'aa. Akakipeleka mdomoni.

Rebeka hakujua amefikaje. Alichosikia ni kofi, paa! Mkono wake umeupiga mkono wa mkwewe, kiazi kikaruka hadi mlangoni. Yesu wangu, kampiga baba mkwe!

"Ni sumu, baba!" alipiga kelele. "Oili ya injini haikai na chakula!"

Akangoja laana. Mzee hakulaani. Aliutazama mkono wake, kisha akaitazama kaunta.

"Sumu ya kuumwa tumbo siku moja," aliuliza taratibu, "au ya kuua?"

"Ikiingia kidogo kidogo kila siku, baba, wanasema inaleta hata kansa."

Mzee Kashindye akarudi kwenye kigoda, akakaa kwa uzito.

"Meza ya jikoni ya mama yenu niliitengeneza mwenyewe," alisema. "Alikuwa akikatia mboga juu yake, akikandia unga. Kila Pasaka niliipaka oili. Miaka thelathini na moja."

Mama mkwe walimzika mwaka juzi. Kansa ya tumbo, walisema madaktari, na ukoo mzima ukabaki kuulizana imetoka wapi kwa mwanamke asiyegusa pombe wala tumbaku.

Alifumbua mdomo aseme kwamba labda siyo hiyo, kwamba magonjwa siku hizi ni mengi. Lakini mzee alikuwa ameshainuka na kile kitambaa chake, anaifuta kaunta kwa nguvu zake zote, na kitambaa chenyewe kimelowa oili.