Koti Kwenye Mtambo wa Tatu

"Ni mimi," fundi alisema, kidole kikiwa kwenye skrini. "Nani mwingine? Jumanne nilifuta vumbi, lazima niliugonga mtambo."

Binti aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo aliinamia daftari, akajifanya anaandika. Mstari uliokuwa ukipanda taratibu kwa miezi kumi na minne ulikuwa umeruka ghafla, Jumanne mchana. Ndani ya tanuri la mtambo huo wa tatu, kipande cha chuma chembamba kama penseli kilikuwa kikivutwa kwenye joto kali, mstari ukionyesha kinavyorefuka, ijulikane kama chuma cha aina hiyo kitavumilia ndani ya kinu kipya cha nyuklia. Kazi yenyewe ilikuwa kungoja. Fundi hakutaka mtu apige hata chafya karibu nacho, na wanafunzi walimtania kuwa anakidekeza kuliko wajukuu zake.

Jumanne hiyo binti aliingia amelowa chapachapa. Fundi alikuwa amekwenda kula. Juu ya mtambo kulikuwa na joto zuri, na wenzo, ile nondo ndefu inayobeba mawe ya uzito, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Akatundika koti. Dakika kumi tu! Na alijua fika kwamba wenzo ule huzidisha uzito mara kumi. Swali hilo alilipata kwenye mtihani, akapewa alama zote.

"Kazi ya watu nimeiharibu," fundi akaendelea. "Nimemwomba mkuu wa maabara anihamishie stoo."

Binti alikuwa ameufyata siku tatu. Barua yake ya kumaliza mafunzo ilikuwa mezani kwa mkuu ikisubiri sahihi, na mama yake alishautangazia mtaa mzima. Lakini sasa akaweka kalamu chini.

"Mzee, si wewe. Ni mimi. Nilianika koti langu."

"Wapi?"

"Hapo. Kwenye wenzo."

Fundi alimtazama, akautazama mtambo. Binti alingoja matusi, na aliyataka. Mzee akaketi polepole.

"Koti," alisema. "Siku tatu silali. Hata mke wangu sikumwambia. Nilijua mikono imeanza kunitupa."

"Nisamehe, baba."

Mzee alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, vidole amevitanua, akaishikilia hewani. Wakaitazama wote wawili, binti akilia, kuona kama itatikisika.